Adapta Iko kwa Katibu

Kanuni aliitunga Isdori mwenyewe, kwa hiyo siku ile hakuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Miaka miwili nyuma, Clemens, mwenyekiti wa kwaya, alibeba kinanda cha kanisa akaenda kukipiga harusini Milepa bila kumuaga mtu. Isdori, mwalimu wa kwaya, akawaka. Akasimama mkutanoni akataka kinanda kikae kwa mwenyekiti na adapta ya kukiwashia ikae kwa katibu, asipatikane tena mjanja wa kukitumia peke yake. Wakampigia makofi. Tangu hapo adapta ikawa inaishi kwenye mkoba wa Epifania, katibu, pamoja na rozari na pipi za kikohozi.

Sasa ni Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi. Ndoa ya Happy, binti wa Isdori, ni saa nne. Kinanda kipo, adapta iko mbali, Namanyere, maana juzi Epifania alikwenda msibani na mkoba wake. Simu haipatikani. Sehemu ya betri ya kinanda ilishaliwa na kutu zamani. Na Happy, mtoto asiyewahi kumsumbua baba yake, safari hii aliomba kitu kimoja tu: aingie kanisani kwa wimbo ambao Isdori alimtungia siku ya ubatizo wake, baba mwenyewe akiwa kwenye kinanda.

Basi Isdori akazunguka mtaa wote wa Chanji, suti mwilini, kinanda kwapani. Duka la kwanza wakampa chaja ya simu. Jamani, hivi hili dude linafanana na simu? La pili wakaleta adapta ambayo kichwa chake kilikuwa kinene, hakikuingia. La tatu kichwa kikaingia, lakini volti zilikuwa tano, kinanda hakikushtuka hata kidogo. Watu wakamuuliza kama anauza. Alitamani kumtukana mtu.

Saa tatu na nusu akafika kwa Masanja, fundi redio. Kijana akamwamkia, akachakura boksi lake akatoa adapta ya king'amuzi, volti kumi na mbili kamili, na kichwa kikaenea. Lakini hakukubali kuichomeka kwenye umeme. Akamwonyesha mchoro mdogo nyuma ya kinanda: hapa hasi iko katikati, na kwenye adapta hii katikati ni chanya, umeme ungeingia kinyume. Akaomba nusu saa tu akate waya, ageuze.

"Volti si ni zile zile?" Isdori akauliza.

"Ni zile zile, mzee, lakini..."

"Hiyo lakini baki nayo."

Haraka haraka haina baraka, hata mtoto wa chekechea anajua. Isdori alikwishawafundisha watu wazima kuiimba. Akaondoka na adapta ile mbio hadi kanisani, akachomeka. Kinanda hakikulia, kikatoa harufu ya plastiki inayoungua. Akachomoa, akachomeka tena, akabonyeza huku na huku. Kimya. Akaketi kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe.

Dakika kumi kabla ya saa nne, Epifania akaingia kwa mlango wa pembeni, khanga ya msibani bado kiunoni. Simu ilimwishia chaji, alisema, na kule umeme ulikatika tangu jana. Akafungua mkoba.

"Nimeacha maziko, mwalimu. Nikasema Happy hawezi kuingia kimyakimya na adapta iko kwangu."

Akamwekea adapta mkononi. Waya ulikuwa umekunjwa vizuri, umefungwa kwa kitambaa.

Isdori akaitazama. "Nimekiunguza, Epifania. Sasa hivi tu."

Nje honi zilikuwa zinalia, vigelegele vikaanza, watu wakasimama. Isdori akainuka ili auimbe wimbo ule kwa mdomo, lakini mstari wa kwanza ukamshinda. Mlangoni Happy alikuwa amesimama katika gauni lake jeupe, anatabasamu, hasogei, anasubiri baba apige.