Mashuka Juu ya Miguu

Mwanasesere wa mazoezi alilala kwenye kitanda cha tatu, mdomo wazi. Wanafunzi wa uuguzi walikuwa wameshambandika jina: Babu. Asubuhi ile nilikuwa nawafundisha kumhudumia mgonjwa aliyebakiza saa chache za kuishi. Kesho yake wangeingia wodini, kwa wagonjwa wa kweli.

"Babu, leo usitusumbue, eh?" alisema mwanafunzi mmoja ambaye darasa zima lilimwita Mcheshi. Wenzake wakaangua kicheko. Akamlowanisha midomo kwa pamba, vizuri kabisa. Kisha akachukua mashuka safi yaliyokunjwa, akayaweka juu ya miguu ya Babu.

Nikasogea kitandani.

"Hayo ya nini?"

"Ya kubadilisha, mwalimu. Akishaondoka tu, kitanda kinatandikwa fasta. Si tunaokoa muda?"

Maneno yaleyale. Niliyasema mimi, mwaka wangu wa kwanza kazini, mchana kweupe. Mgonjwa alikuwa mzee fundi viatu, hajafumbua macho tangu jana yake. Nilimwekea mashuka miguuni. Mguu mmoja ukasogea, polepole, ukayasukuma mpaka yakaanguka. Binti yake, aliyeketi pembeni, akayaokota na kunirudishia.

"Dada," aliniambia, "baba bado yupo."

Alifariki saa mbili baadaye. Tangu siku hiyo, kila nikitandika kitanda, hata changu nyumbani, nauona ule mguu chini ya shuka, ukijitafutia nafasi.

Sikuwahi kumwambia mtu. Nikiwaambia hawa, nani ataniita mwalimu tena? Nisipowaambia, kesho kuna mtu atawekewa mashuka miguuni akiwa anasikia kila kitu.

Basi nikawaambia. Nikasema yote, hata zile saa mbili ambazo sikuthubutu kurudi kitandani kumwomba radhi.

Hakuna aliyecheka. Nilipoinua macho, mashuka yalikuwa sakafuni. Labda yaliteleza, hakuna aliyekuwa ameyagusa. Mcheshi akayatazama, akanitazama mimi. Akayaokota, akayarudisha kabatini na kufunga mlango. Kisha akavuta kiti, akaushika ule mkono wa plastiki.

"Babu, samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna haraka. Tupo."

Nami nikavuta kiti cha pili, nikaketi upande wa miguuni.