Pikipiki Iliyotunzwa Kupita Kiasi

Mutheu alikuwa na stashahada ya utunzaji wa ghala, na hapakuwa na mtu Makongeni ambaye hajaambiwa. Miaka miwili iliyopita, alipokwenda Kitui kumuuguza mama yake, aliihifadhi pikipiki yake kama kitabu kinavyotaka: akamwaga petroli, akatoa betri, akadondosha oili ndani ya silinda, akaifunika turubai nyuma ya nyumba. "Vitu haviharibiki," aliwaambia majirani. "Vinaharibiwa na wasiosoma."

Sasa ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na msomi mwenyewe alikuwa amepiga magoti mbele ya injini isiyomjali. Zahanati moja ya mtaa wa Fedha ilikuwa imemwahidi kazi ya kusafirisha sampuli za damu, kwa sharti moja: alete pikipiki ikinguruma kabla ya saa sita, la sivyo nafasi apewe mwingine. Tangu arudi, mama yake akiwa amepona, Mutheu alikuwa amekula ndengu za Kitui miezi mitatu mfululizo, na gunia lilikuwa limeanza kuonyesha kitako.

Betri ilikuwa mpya, petroli mpya. Kabureta aliisafisha kwa mswaki wake mwenyewe. Plagi ilitoa cheche. Akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa mara moja, kama mzee wa kanisa anayetaka kuanza maombi, kisha ikanyamaza. Kiki ya arobaini ikarudi kwa kishindo na kumgonga ugoko.

"Haya, Stashahada," alijiambia akisugua mguu. "Iambie wewe, labda itakusikia."

Ng'ambo ya ua wa waya, Muhonja, mama Vivian, alikuwa akipepea jiko lake. Mutheu alimwachia yeye ufunguo wa nyumba aliposafiri. Aliporudi hakukiona kitambaa cha meza alichotariziwa na mama yake, chenye maneno AMANI IWE HUMU. Hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja mferejini, foleni ikiwa imejaa, akatangaza kwa Kiswahili chake kizuri kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe inaitwa Mama Vivian. Tangu siku hiyo Muhonja alizungumza naye kupitia kuku tu.

"Kuku wangu," alisema Muhonja bila kuinua macho, "mwambieni yule msomi kwamba moto usio na pa kutolea moshi hufa. Hili jiko halijakanyaga chuo, na linajua."

Mutheu alikuwa na jibu kali la kuwapa kuku hao. Lakini lile neno moshi lilimwingia. Aliweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la moshi, akasukuma kiki kwa mguu. Hakuhisi pumzi hata chembe.

Hapo akakumbuka. Kitabu kilisema bomba lizibwe, panya wasiingie. Basi la Kitui lilikuwa karibu kuondoka, naye akanyakua kitambaa cha kwanza kilichomjia mkononi.

Alikivuta kwa waya wa hanga. Ikatoka ncha ya lesi nyeusi tititi kwa masizi, kisha ua, kisha neno HUMU. Ikafuata IWE. Kwa kitambo aliwaza, tena kwa dhati, kuirudisha AMANI ndani na kuendelea kula ndengu. Lakini alipoinua kichwa, Muhonja alikuwa amesimama kwenye waya, kipepeo cha jiko mkononi.

"Mama Vivian," Mutheu alisema. "Hukukichukua."

"Mimi nilikuwa najua. Ni wewe habari zilikuchelewa."

"Nisamehe."

"Washa kwanza, tuone kama na injini niliiba."

Mutheu akaivuta AMANI nje, akapiga kiki moja tu. Injini ikanguruma, wingu la moshi likapaa, kuku wakatawanyika. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Mutheu alipomaliza kufunga helmeti, Muhonja alikuwa ameshazunguka ua na kuketi nyuma yake, kile kitambaa cha masizi kichwani kama bibi harusi wa makaa.

"Mama Vivian, Fedha ni mbali, na saa sita..."

"Mfereji uko njiani. Ulinichafulia jina pale, utanisafishia palepale."

Foleni ya Jumamosi ilikuwa ndefu. Mutheu hakuthubutu kuzima injini. Nani ajuaye kama ingekubali kuamka tena? Ikambidi aungame kwa kupiga kelele.

"Mama Vivian hakuiba! Nilikosea!"

"Hatusikii!" aliita jirani mmoja, Shitanda, kutoka mwisho wa foleni, mitungi miwili mikononi.

"Rudia, msomi," Muhonja alimnong'oneza sikioni. "Na useme kilikuwa wapi."

Mutheu akavuta pumzi. "Kilikuwa kwenye bomba la moshi! Nilikitia mwenyewe! Nina stashahada!"

Watu walicheka hadi mtungi wa mtu ukafurika na maji kumwagika bila wa kuyajali. Muhonja akashuka taratibu, akakirekebisha kitambaa kichwani.

"Nenda sasa, saa sita haitakusubiri. Ila hiki kinabaki kwangu. Nimeitwa mwizi miezi mitatu. Acha nikae nacho miezi mitatu."

Mutheu akaitikia kwa kichwa, akazungusha mpini wa mafuta, akaelekea Jogoo Road akiomba jambo moja: pikipiki isizimike kabla ya kona, maana foleni nzima ilikuwa bado inamtazama.