Siku Mjomba Ahmadi Alipojaribu Mchuchumio

"…avue, Editha, nasema avue sasa hivi! Hata akibaki pekupeku, avue tu!"

Zuhura alikuwa anapiga kelele kwenye simu, mkono wa pili umeshika kiazi nusu kimemenywa nusu kina ganda. Hapo ni jikoni kwa mama yake mdogo, Kihonda, pilau la mgeni liko jikoni, na mama mdogo mwenyewe kasimama mlangoni na mwiko, anashangaa.

"Avue nini wewe?" Editha akauliza. Huyu Editha walikuwa wanasoma wote chuoni Mzumbe, ila kila Jumapili anamsaidia dada yake kuuza vitenge soko la mitumba, meza ya pili kutoka kwa Twalibu, mchumba wa Zuhura.

"Viatu! Mwambie Twalibu avue viatu! Mjomba ameshatoka, anakuja huko!"

"Mjomba gani?"

"Mjomba Ahmadi! Kwani ninao wangapi?"

Anaye mmoja, na huyo mmoja anatosha mtaa mzima. Kwa Waluguru binti unaweza ukawa na baba mwenye sauti kama honi ya lori, lakini siku ya kuposwa baba anakohoa tu. Anayesema ndiyo au hapana ni mjomba. Na mjomba Ahmadi wa Kinole, kule mlimani, hapana zake zilikuwa nyingi, zimejaa gunia. Furaha, mtoto wa mama mkubwa, aliletewa wachumba wawili. Wa kwanza mjomba alimkataa kwa sababu alicheka kabla ya kusalimia. Wa pili alimkataa kwa sababu alikula nanasi kwa uma. Zuhura alikuwa na mchumba mmoja tu, anampenda hasa, na hakuwa na hamu ya kuanza kutafuta mwingine.

Mpango ulikuwa umenyooka jamani. Saa kumi alasiri Twalibu angekuja Kihonda na kanzu iliyopigwa pasi, akae kwenye kochi, ajibu "ndiyo mzee" mpaka mzee achoke kuuliza. Mjomba akateremka asubuhi na gari la Kinole, na koti lake la kahawia ambalo havui hata jua likiwaka namna gani, mfuko wa mananasi mawili, ananukia mdalasini. Akanywa chai. Akauliza kijana anafanyia biashara wapi, akaambiwa. Akasimama.

"Mchumba hatazamwi kwenye kochi," akamwambia mama mdogo. "Sisi wakwe walitutazama tukiwa na jembe mkononi, tena bila kutuambia wanakuja. Na mimi naenda kumwona kwenye jembe lake."

Akapanda bodaboda na mananasi yake, huyoo.

Sasa jembe la Twalibu ndiyo balaa lenyewe. Twalibu anauza viatu vya kike vya mtumba, na hilo halina neno. Neno ni namna anavyouza. Pale sokoni wanaume wanaouza magauni wanayavaa juu ya suruali, wanazunguka nayo, mteja aone yanavyokaa, na hakuna anayegeuka mara mbili. Twalibu yeye anavaa mchuchumio. Mwekundu, kisigino kirefu kama mwiko, namba arobaini na nne, maana kuna dada huko Ulaya ana mguu wa maana, Mungu amzidishie. Anapanda juu ya meza, kifua kama kabati, na kuanza:

"Kilo tisini na mbili hizi, akina dada! Kisigino kimenyamaza! Wewe wa kilo hamsini unaogopa nini?"

Anageuka, anaruka, anacheza mdundiko. Akina mama wanakufa kwa kicheko na wananunua. Ila sheria ipo, ingawa hakuna aliyeiandika: ukiwa ndani ya soko, ni biashara. Ukivuka ule mtaro wa barabarani, ni aibu. Twalibu mwenyewe hata akienda kununua maji ng'ambo ya mtaro, anavua kwanza, anavaa ndala.

Na Zuhura kwao alikuwa amesema neno moja tu: "Anauza viatu." Hakusema uongo. Aliishia hapo tu.

"Zuhura," Editha akasema kwenye simu, taratibu sana. "Huyo mjomba wako ana koti la kahawia?"

"Ndiyo!"

"Na mananasi mawili?"

"Ndiyo, ndiyo, umemwona?"

"Mananasi ninayo mimi hapa. Kanipa nimshikie."

"Yeye yuko wapi?"

"Yupo juu ya meza."

Kiazi kikaanguka.

Zuhura alifika sokoni na aproni ya mama mdogo shingoni. Mbele ya meza ya Twalibu palikuwa na ukuta wa wanawake, akajaribu kupenya kwa bega.

"Dada, wote tunanunua, foleni ndiyo hii!"

"Sinunui! Yule pale ni mjomba wangu!"

"Hata mimi natamani angekuwa wangu," mama mmoja akajibu bila kugeuka. "Mzee ana miguu mizuri huyo!"

Zuhura akasimama kwa ncha za vidole akaona. Juu ya meza, Twalibu na visigino vyake vyekundu. Pembeni yake, kamshika mkono kama bibi harusi, mjomba Ahmadi: mguu wa kulia una yeboyebo yake ya plastiki ya shamba, mguu wa kushoto una mchuchumio wa rangi ya dhahabu, suruali imekunjwa mpaka kwenye goti.

Ilivyokuwa ni hivi. Mzee alifika akakuta watu wamejaa, akadhani wanagombana, akasogea. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa koti. Halafu akaona vile vya dhahabu, akasema anamtafutia dada yake viatu vya kuvaa siku binti akija kuolewa; dada huyo ni Rehema, mama yake Zuhura, ila jina mzee hakulitaja. Twalibu akauliza namba. Mzee akasema namba sijui, ila mguu wangu na wa dada ni mmoja, tangu utoto tunaazimana ndala. Basi Twalibu akamwambia maneno anayomwambia kila mteja: "Kiatu hakinunuliwi kwa macho, mzee. Panda."

Wala Twalibu hakuwa anamjua. Picha ya mjomba haipo, mzee hapendi kupigwa picha.

"Kijana," mjomba akawa anasema huku anayumba, "na mdomo wote huo, umeoa?"

"Bado mzee wangu. Ninaye binti wa watu, mzuri, msomi, ananipenda mpaka mwenyewe nashangaa. Shida ni mjomba wake."

"Twalibu!" Zuhura akapiga kelele. Akina mama nao wakapiga vigelegele, sauti yake ikamezwa humo humo.

"Mjomba wake ana nini?"

"Pilipili kichaa, mzee. Anafukuza wachumba kama anafukuza ngedere shambani. Kuna mmoja kamkataa kwa ajili ya nanasi! Nanasi! Sasa mtu mzima huyo, akili zake zimekaa sawa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mjomba naye akacheka, lakini kwa mdomo tu.

"Huyo kijana alilila vipi hilo nanasi?"

"Kwa uma."

"Kwa uma?"

"Kwa uma tu, mzee wangu."

"Mh," mjomba akasema. "Basi huyo mjomba mimi simlaumu sana."

Hapo Zuhura akapita chini ya kwapa la mama mmoja, akatokea mbele ya meza, nywele zimesimama.

"Mjomba! Shikamoo!"

Twalibu akamtazama Zuhura. Akamtazama mzee. Akarudi kwa Zuhura. Akaachia mkono wa mzee, mzee akayumba, akaushika tena haraka.

"Shi… shikamoo," akasema Twalibu, kwa sauti ya paka aliyenyeshewa.

"Marahaba," mjomba akajibu. "Pilipili kichaa ndiye mimi. Nishushe."

Akamshusha. Akapiga magoti palepale kwenye vumbi amvue kile kiatu, na kile kichuma cha kufungia kamba kikagoma. Akavuta huku, akavuta kule, jasho linamtiririka. Zuhura naye akapiga magoti akavuta. Hakuna kitu. Editha akaleta mkasi wa vitenge.

"Usikate!" mjomba akang'aka. "Hiki cha dada yangu!"

"Fundi Amosi wa viatu atakifungua, ana plaizi," Editha akasema, akakimbia kumwita. Akarudi peke yake. "Anasema sanduku lake haliachi, mara ya mwisho aliliacha wakambebea gundi yote. Anasema tumpelekee mguu."

Wote wakatazama alipo fundi Amosi. Ng'ambo ya mtaro. Ng'ambo ya barabara pia. Kijiwe cha bodaboda mbele yake, na pembeni ya kijiwe, chini ya turubai, wamekaa abiria wanaosubiri gari la kwenda juu. Abiria wa Kinole. Majirani zake mjomba hasa, wale anaoswali nao, wale anaowasuluhishia ugomvi wa mipaka ya mashamba.

Zuhura alimwona mjomba wake akipungua. Kweli, mzee alionekana kama amepungua ndani ya lile koti. Akaukunjua mguu wa suruali ufunike kiatu, haukufika. Moyo wa Zuhura ukasema basi, leo ndiyo imekwisha. Mzee akichekwa pale na watu wa kwao, jina la Twalibu halitatajwa Kinole mpaka kiama.

Twalibu alikuwa ameshainama avue vyake, ndala zake ziko chini ya meza, mkono mmoja umeshafika kwenye kisigino. Akamtazama mzee. Akasimama wima.

"Mzee, nipe mkono."

"Vua kwanza hivyo vyako," mjomba akasema kwa sauti ndogo. "Wewe vyako vinavulika."

"Mmoja akivuka hivi ni kituko, mzee. Wawili ni biashara. Twende."

Na wakavuka mtaro.

Kijiwe kikalipuka! Pikipiki zikapigwa honi kama mpira umeingia wavuni.

"Oyaa! Maharusi hao!"

"Wanaume wameisha mji huu, haki ya Mungu!"

"Babu, hilo yeboyebo limekosea mguu au limekosea babu?"

Mjomba akajishikiza kwa Twalibu kwa mikono yote miwili, Zuhura nyuma yao aliona. Twalibu akatazama mbele, akavuta pumzi, akaanza, katikati ya barabara, sauti ileile ya mezani:

"Kilo tisini na mbili hizi, na lami hii hapa! Kisigino kimenyamaza! Na huyu mzee wangu ametoka mlimani, kwenye mteremko mbuzi wanauogopa, leo anapita juu ya kisigino kimoja! Nani mwingine hapa anaweza? Wewe wa honi, shuka ujaribu!"

Yule wa honi akaangalia visigino, akaangalia lami, akajifanya anarekebisha kioo.

"Mnaona? Kelele tu!" mjomba akadakia ghafla, na Zuhura akashika mdomo. "Shuka tukuone! Umekalia pikipiki tangu asubuhi miguu imesahau kazi!"

Kicheko kikageuka, kikamwangukia yule wa honi. Wakapita. Lakini bado watu wa Kinole. Chini ya turubai mama mmoja akainuka na kapu lake, macho kodo.

"Ahmadi? Ni wewe au macho yangu?"

"Ni mimi, Yustina."

"Mguuni una nini?"

Mjomba akakohoa. "Kiatu cha Rehema. Kinabana. Namtanulia."

Yustina akafikiri. Wote chini ya turubai wakafikiri.

"Aaa," akasema. "Kumbe. Na changu kinabana, nikuletee kesho?"

Fundi Amosi akauweka mguu wa mjomba juu ya sanduku, akautazama kama daktari, akabonyeza kile kichuma kwa kidole gumba. Kikafunguka. Plaizi hata hakuigusa.

"Mlikuwa mnavuta," akasema. "Kinabonyezwa."

Twalibu alikuwa kapiga magoti kwenye changarawe na visigino vyake vyekundu, anafuta kiatu cha dhahabu kwa mkono wa shati. Zuhura hakuthubutu kumtazama mjomba usoni, akatazama kifungo cha tatu cha koti.

"Mzee," Twalibu akasema, "yale maneno ya pilipili…"

"Ni ya kweli," mjomba akasema. "Ila utakuja kulima siku tatu. Mbili za desturi ya mchumba, na moja ya kichaa. Uje na viatu vya shamba."

Siku tatu! Anayekataliwa hapewi hata dakika tatu za kulima. Zuhura alitaka kuruka, akakumbuka ana aproni.

Simu ya mjomba ikalia kwenye koti. Alikuwa ni mama yake Zuhura, Rehema, anapiga kutoka Kinole, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye turubai: kaka, vipi, umemwona?

"Nimemwona, dada," mjomba akasema, akikanyaga yeboyebo yake, anahema. "Ndiyo. Nimekubali. Ndiyo, nimesema nimekubali, acha vigelegele, unaniumiza sikio. Mrefu? Leo ni mrefu sana. Ana adabu, ndiyo. Viatu vyako nimepata, vinakutosha, nina uhakika. Nimejuaje? Dada. Sikiliza. Hilo nitakusimulia kesho nikifika, wewe umekaa na mimi nimekaa, maana ukilisikia umesimama utadondoka. Na Yustina akitangulia kuja hapo leo na kapu lake, mpe maji anywe, lakini usimwamini neno hata moja."