Pikapu ya Mzee Nyamweya

Madereva wa barabara ya Kebirigo wana mambo. Honi ikikataa kulia asubuhi, gari halitoki nyumbani mpaka fundi aje. Redio ikikwaruza, inabadilishwa siku hiyo hiyo. Lakini taa ya nyuma ikifa, hiyo itangoja, kwani anayekuja nyuma si ana macho yake? Koplo Joyline Kerubo alikuwa amefanya kazi ya trafiki kwenye barabara hiyo miaka mitatu, na visingizio vyote alikuwa amevisikia mpaka vikamchosha. Balbu imeungua leo tu, afande. Waya umeliwa na panya. Fundi ameenda matangani. Aliwasikiliza wote hadi mwisho, akawaandikia karatasi ya kwenda mahakamani. Hongo hakula, na maneno matamu hayakumwingia. Walimwogopa, na yeye alipenda kuogopwa hivyo, kwa sababu alikuwa ameokota watu wengi mno kwenye lami.

Ni dereva mmoja tu aliyemshinda, na huyo hakumshinda kwa ujanja. Alimshinda kwa wema.

Mzee Mathew Nyamweya alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista alikosali Joyline. Kazi yake ilikuwa kununua ndizi mashambani Nyamache na kuzileta Kebirigo kwa pikapu yake nyeupe. Pikapu hiyo ndiyo iliyobeba mahema na vipaza sauti vya makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila Agosti. Ndiyo iliyobeba jeneza la mama yake Joyline mwaka juzi, mvua ikimwagika, na Mzee Nyamweya akashuka mara mbili kusukuma kwenye matope kwa mikono yake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo, utaanzaje kumwambia atoe leseni?

Mwezi wa Agosti, akirudisha gari nyuma pale uwanja wa makambi, aligonga nguzo na taa zote mbili za nyuma zikavunjika. Alibandika vikaratasi vyekundu vya kumetameta mahali pake, na kufikia Oktoba matope yalikuwa yamevifunika. Siku za kawaida hakukuwa na shida kubwa, maana alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Shida ilikuwa Ijumaa. Ijumaa alizunguka mpaka amalize mashamba yote, asije akaacha ndizi za watu zikiivia shambani wakati yeye yuko kanisani. Kwa hiyo ni Ijumaa tu alipopita kwenye kizuizi cha polisi giza likiingia, na Ijumaa jua likizama Sabato inaingia, na Mwadventista hapendi machweo yamkute kazini. Hata Joyline hakupenda. Kumwandikia mzee karatasi kungekuwa kulipeleka gari kituoni, kujaza vitabu, kutafuta mdhamini, na Sabato iwakute wote wawili mezani na kalamu mkononi.

Ijumaa ya kwanza alimwonya. Ya pili akamwonya. Ya tatu na ya nne wakacheka kidogo, kama watu wanaojuana, na mzee akaahidi kwamba Jumapili fundi angekuja bila kukosa.

Ijumaa ya tano, katikati ya Novemba, kulikuwa na manyunyu. Mzee alikuwa amepata pancha Nyamache na alifika kwenye kizuizi saa kumi na mbili na dakika ishirini, mbingu imeshakuwa ya kijivu. Joyline alizunguka nyuma ya gari kwa tochi. Hapakuwa na kitu pale, matope tu na nyaya mbili zinazoning'inia. Siku hiyo alikasirika kweli. Alifungua daftari, akatoa kofia ya kalamu.

Mzee Nyamweya hakubishana. Alishusha kioo na kutazama juu.

"Dada Joyline," alisema kwa upole, "imebaki dakika kumi tu. Ukianza kuandika hiyo, Sabato itatupata huko kituoni. Mimi na wewe."

Joyline alitazama juu pia. Nyumbani binti zake wawili walikuwa wameshaoga, wanamngoja wafungue Sabato kwa wimbo. Alifunga daftari.

"Jumapili nataka nione zinawaka, mzee. Sitasema tena."

"Zitawaka. Sabato njema."

Gari liliondoka. Joyline alisimama akilitazama, na halikufika hata mita hamsini kabla halijapotea machoni pake. Aliona hivyo, akajua maana yake, halafu akaenda kukabidhi zamu. Ukitaka kujua kosa lake liko wapi, ni hapo, na yeye mwenyewe hajawahi kulitafuta mahali pengine.

Jua lilizama Mzee Nyamweya akiwa amebakisha nusu kilomita kufika kwake. Sasa, mzee huyo alikuwa na nadhiri. Tangu abatizwe hakuwa ameendesha gari la biashara hata hatua moja ndani ya Sabato, na watu walimsifu kwa hilo kanisani. Alisimamisha pikapu pale pale ilipokuwa. Kando ya barabara kulikuwa na mtaro, kwa hiyo magurudumu mawili yalibaki juu ya lami. Alikata matawi, akayatandaza nyuma ya gari. Huku kwetu ndivyo inavyofanywa gari likisimama vibaya, na anayekuja anatakiwa ayaone, apunguze mwendo. Mchana yanasaidia. Gizani ni majani tu. Kisha akachukua Biblia yake kwenye kiti, akafunga mlango, akaenda nyumbani kwa miguu akiimba.

Kabla ya saa moja, kijana mmoja aitwaye Mokua alipita hapo kwa pikipiki akiwa amembeba mke wake, Lavender, aliyekuwa na duka la kushona nguo Kebirigo. Taa ya Mokua ilikuwa nzima. Lori lililokuja mbele yake lilikuwa limewasha taa kali, halikuzishusha, likampofusha. Lilipopita, pikapu ilikuwa imeshafika usoni pake.

Joyline aliitwa kwa simu katikati ya wimbo, kwa kuwa kwake ndiko kulikokuwa karibu. Alimkuta Lavender amelala juu ya yale matawi, kiatu kimoja hana, na hakuhitaji kumgusa ili ajue. Mokua alikuwa mtaroni, mguu umevunjika juu ya goti. Alikuwa akirudia neno moja tu, kwamba hakuiona. Mzee Nyamweya alikuja mbio na mkewe, akapiga magoti kwenye lami yenye maji, akalia kwa sauti mpaka watu wakamwinua. Usimdhanie mnafiki. Alilia kwa uchungu wa kweli.

Kituo hakikuwa na gari la kuvutia magari mengine. Vijana waliisukuma pikapu mpaka bomani kwa mzee, ingoje mkaguzi wa magari siku ya Jumatatu. Joyline alichora ramani ya ajali kwenye mvua, akaandika kwamba gari lilikuwa limesimama. Juu ya taa hakuandika kitu. Alijiambia mkaguzi atajionea mwenyewe, na kwamba afadhali neno hilo litoke kwa mkaguzi kuliko kwake.

Jumatatu mkaguzi alikuja, akamwomba mzee abonyeze breki, na taa zote mbili zikawaka, mpya, nyekundu kama damu ya kuku. Mzee Nyamweya alishuka na kumsogelea taratibu.

"Dada, nimefanya vile uliniambia," alisema. "Fundi alikuja jana."

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Joyline alimtafuta usoni aone kama kuna hila, na hakuiona, na hilo lilimtisha kuliko hila yenyewe.

Inspekta Ochoki, mkuu wa kituo, alimwita ofisini siku hiyo hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka na amebakisha miaka miwili astaafu. Joyline alimweleza kila kitu, hata zile Ijumaa nne. Ochoki alisikiliza akiwa amejishika kichwa, halafu akamweleza mambo yatakavyokuwa. Ripoti ya mkaguzi inasema taa zinafanya kazi. Mwendesha pikipiki hakuwa amevaa koti la kumetameta, wala mkewe hakuwa na helmeti. Hapo kesi imejitosheleza.

"Ukiandika ulisimamisha hiyo gari, utaulizwa karatasi iko wapi," alimwambia. "Utamwaga unga, Koplo. Na yule msichana hatafufuka."

Binti mkubwa wa Joyline alikuwa kidato cha tatu. Baba yao alikuwa ameenda zake zamani, na mshahara nyumbani ulikuwa huo mmoja. Joyline alirudi mezani kwake na hakuandika kitu. Mokua alishtakiwa akiwa bado kitandani hospitalini, mguu umefungwa vyuma, kwamba alisababisha kifo cha mke wake kwa kuendesha ovyo.

Basi siku zikaenda. Desemba ikapita, Januari ikapita. Joyline alikuwa mkali barabarani kuliko mwanzo, akakamata magari ya watu kwa kioo kilichopasuka tu, mpaka madereva wakaulizana amerogwa na nani. Hakuna aliyepita mbele yake na balbu mbovu, awe kasisi au diwani, iwe Ijumaa au Jumanne. Lakini hayo yote yalikuwa ya kujidanganya, na alijua. Kanisani Mzee Nyamweya aliendelea kusoma matangazo, na kila alipomsalimia Joyline alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Machi kesi ilisikizwa. Mzee Nyamweya alitoa ushahidi kwanza. Aliulizwa kama gari lake lina taa za nyuma, akajibu kwamba lina taa, na mkaguzi alizikagua. Lilikuwa jibu la kweli kwa swali aliloulizwa, naye akarudi kuketi. Kisha akaitwa Joyline, akaapa, akaeleza ramani yake: mtaro huu hapa, gari hapa, mwili hapa. Kiongozi wa mashtaka alimshukuru. Hakimu akamwuliza Mokua, ambaye hakuwa na wakili, kama ana swali kwa shahidi.

Mokua alijiinua kwa magongo. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia.

"Afande, wewe unakaa kwa hiyo barabara kila siku," alisema. "Mimi nimeambiwa taa zilikuwa zinawaka. Labda ni mimi sikuziona. Wewe ulikuwa unaonanga hiyo gari. Ilikuwa na taa?"

Joyline alikuwa amejiandalia majibu ya maswali mengi, na hilo halikuwamo. Alitazama kiti alichokalia Ochoki. Alimtazama Mzee Nyamweya, na mzee akainamisha kichwa kama mtu anayeomba. Ingetosha kusema hakumbuki. Polisi wangapi husema hawakumbuki, na jua likachomoza kesho yake?

"Haikuwa na taa," alisema. "Niliisimamisha mimi, saa kumi na mbili na dakika ishirini. Sikuandika karatasi. Nikaiachilia."

Hakimu aliacha kuandika, akamwomba arudie, naye akarudia, mara hii kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma.

Mambo yalikwenda kama Ochoki alivyosema, neno kwa neno. Joyline alirudisha sare na kofia, akaambiwa angoje barua. Sabato iliyofuata, benchi alilokalia lilibaki na watu watatu, yeye na binti zake. Mzee Nyamweya alishtakiwa, na mkewe alisimama mlangoni mwa kanisa akimwuliza Joyline, bila hasira, kama amesahau ni nani aliyembeba mama yake. Hakuwa amesahau. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Wiki mbili baadaye mashtaka ya Mokua yaliondolewa. Joyline alikwenda mahakamani siku hiyo ingawa hakuitwa. Alivaa gauni la kawaida, akasimama karibu na ngazi. Tuseme ukweli wake wote: alitaka kijana amwone. Alikuwa amepoteza kazi na kanisa kwa ajili yake, na moyoni alikuwa na kiu ya neno moja zuri.

Mokua alitoka, akamwona, akaja. Alimsalimia kwa heshima na kumwita afande, sare au si sare.

"Mama ya Lavender alimzika kwao Kenyenya," alisema. "Si kwangu. Walisema mtu hawezi zikwa na mwenye alimuua. Mimi nilikuwa hospitali, na sikukataa, sababu hata mimi nilikuwa najua ni mimi. Miezi nne nimekuwa nikijua ni mimi."

Joyline akasema pole.

"Na wewe ulikuwa unajua si mimi."

Hakuuliza, lakini alingoja. Watu walikuwa wakiwapita kwenye ngazi wakiwa na mafaili yao na haraka zao. Joyline alitaka kumweleza habari za mshahara, za binti zake, za mkaguzi na zile taa mpya. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Ndiyo," alisema. "Tangu usiku ule."

Mokua aliitikia kwa kichwa. Aligeuza magongo yake, akaanza kushuka ngazi, moja moja, na hakukubali kushikwa mkono. Hakusema asante wala hakumlaani. Joyline alibaki akimtazama mpaka chini, akitamani angalau angemlaani.