Bei ya Kindugu

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Mama Misumari alikuwa ameshafagia sebule mara tatu. Miaka thelathini aliuza misumari kwa kilo, na mkono wake ulijua uzito kabla mizani haijasema.

Alikuwa anamuuzia nyumba kitindamimba wake, kwa bei ya kindugu. Karani wa kodi aliwaeleza mapema: ofisi haijui undugu, inajua soko. Ukimuuzia mwanao kwa robo ya thamani, kodi inakatwa kwenye thamani yote, isipokuwa lile pengo likionekana limejazwa na mapenzi. Na mapenzi, kama mali nyingine yoyote, hupimwa.

Mpimaji alifika saa nne kamili, amebeba mizani ya sahani kama ile ya kupimia watoto zahanati. Akaiweka mezani, akaipangusa, akaomba maji ya kunywa.

"Anaanza muuzaji. Weka kiganja, mama, umfikirie mnunuzi."

Mshale ulizunguka mara mbili. Miguu ya meza ikazama kwenye saruji, kina cha kidole. Mpimaji akaandika.

"Pengo limejaa, na chenji imebaki. Sasa mnunuzi. Hii ni ya faili tu."

Mama Misumari akasogea karibu na meza. Tangu wiki iliyopita Kitindamimba alikuwa akizungukazunguka chumba cha uani, chumba ambacho walikubaliana kwa mdomo kwamba mama atalala humo mpaka siku zake ziishe.

"Fanya haraka basi, mzee, gari nimeliacha vibaya," Kitindamimba alisema, akaweka kiganja.

Mshale haukutikisika.

Mama Misumari, ambaye hakuwahi kumpunja mtu hata msumari mmoja, alisogeza kidole chake kidogo ukingoni mwa sahani, akakandamiza. Mshale ukapanda. Nusu kilo.

"Mama," mpimaji alisema taratibu, bila kuinua macho. "Kidole."

Akakitoa. Mshale ukarudi ulikotoka.

"Bovu hilo dude lako," Kitindamimba alisema, akacheka.

"Ni zima kabisa. Hii ni sufuri ya sita wiki hii." Mpimaji aliiandika, akaipigia mstari. "Sheria inauliza ya muuzaji peke yake. Kodi ya pengo hamna."

"Na chumba cha uani?" Mama Misumari aliuliza. "Kinaandikwa wapi?"

Mpimaji aligeuza fomu, akatazama na nyuma. "Hakuna mahali pake, mama."

"Ah, bi mkubwa," Kitindamimba alisema. "Mimi na wewe ni wa kuandikishana?"

Mama Misumari akatia sahihi. Kalamu ilikwaruza, kisha ikakubali. Kitindamimba alipepea karatasi wino ukauke, akatoa futi mfukoni, akaenda uani. Utepe ulisikika ukivutwa, ukirudi, ukivutwa tena, upande ule wa kitanda.

Mama Misumari na mpimaji walijaribu kuichomoa meza. Walishika huku na huku, wakavuta mpaka mpimaji akatokwa jasho. Haikusogea.

"Iache," alisema, akifunga mkoba wake. "Kilichozama sakafuni kinahesabiwa ni cha nyumba. Ni mali ya mnunuzi."

Mama Misumari alifuta maji yaliyomwagika juu ya meza. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kiti, kama mgeni.