Waya Bila Moshi

Tik. Kimya. Tik.

Kopo lililokinga maji chini ya paa lilipokea tone moja moja, na Tryphosa alilala macho wazi gizani akiyasikiliza. Mvua ilikuwa inakatika. Siku tatu ilinyesha Keumbu nzima, na siku tatu Momanyi hakuwasha moto. Leo jua likitoka tu, atalichoma lile rundo la matairi nyuma ya soko apate waya wa kuuza, na moshi mweusi utapanda moja kwa moja hadi kwenye kifua cha mwanawe Sheila. Mara ya mwisho mtoto alilazwa siku nne.

Tone likakawia. Tryphosa akaketi, akalala, akaketi tena. Kulipopambazuka alimvika Sheila sweta, akachukua kisu na chupa ya maji ya sabuni, wakateremka sokoni.

Momanyi alikuwa keshayapanga matairi, kisu kiunoni, kibiriti mkononi.

"Bwakire, Mama Sheila. Umekuja kuota moto?"

"Nimekuja kukuomba usiwashe, Baba Purity. Nipe tairi moja nikutolee waya bila moto."

"Na hicho kisu cha sukuma wiki?" Alicheka hadi mabega yakatikisika. "Haya. Lakini jua likifika kwa lile paa la kinu, nawasha. Leo ni Ijumaa. Sabato isinikute na kazi."

Kukata raba alifundishwa na Obura, fundi wa akala, viatu vya matairi, mjini Kisii. Lakini Obura hukata matairi ya nailoni, yasiyo na waya usoni, na haraka ilimsahaulisha Tryphosa. Akakichomeka kisu pale tairi linapokanyaga barabara. Kikagonga chuma, kikakwama. Alipovuta, kikapinda ncha.

"Hilo ni la pikapu, mama, si ngozi ya ng'ombe!" Momanyi akatikisa kibiriti. "Jua hilo linakuja."

Kweli lilikuwa linakuja. Tryphosa akapapasa tairi kama anayetafuta uvimbe kwenye tumbo la mtoto. Shavuni palibonyea. Hapa hapana waya! Akamimina maji ya sabuni, akakizungusha kisu karibu na mdomo wa tairi, raba ikafunguka taratibu, na duara zito lenye waya ndani likamtokea mikononi. Akaukwangua utando wake. Waya ukang'aa.

Momanyi akaupokea, akaukunja, akaukunjua.

"Haukatiki," alisema polepole. "Ule wa moto, mtu wa skrapu hunirudishia. Anasema umeungua."

"Na mashavu nampelekea Obura. Yeye hutengeneza kamba za akala, watu wa majani chai wanazivaa. Majivu atayafanyia nini?"

"Na waya wa pale usoni?"

"Huo sijui bado, nisikudanganye. Nitamuuliza. Lakini usichome, Baba Purity. Huyu mtoto hapumui."

Jua likapanda juu ya paa la kinu, na kibiriti bado kilikuwa mkononi mwake. Tryphosa hakuweza kumtazama. Akalivuta tairi la pili, akampa mgongo, akaanza kukata, masikio yakingoja mkwaruzo wa njiti. Akakata robo. Akakata nusu. Nyuma yake kitu kikaburutwa kwenye matope, naye akafumba macho.

Sheila, aliyekuwa amekaa juu ya kreti la nyanya, akasema kwa sauti:

"Mama, Anko Momanyi pia anakata."