Baba Alipokuja Kukagua Kazi Yangu

Baba hakuja kwenye duka langu la dawa kununua kitu. Alikuja kukagua. Binti yangu alikuwa amemwambia anataka kusomea ufamasia kama mimi, na babu yake ndiye aliyeahidi kumlipia chuo. Mzee akaapa hatoi hata senti kumsomesha mtu kuhesabu vidonge.

"Nipe pa kukaa," akasema. "Nione hiyo kazi yenyewe."

Nikamkalisha kwenye benchi la wateja, chini ya feni. Nilikuwa na hasira, lakini woga sikuwa nao. Mcheza kwao hutunzwa, na pale ni kwangu.

"Miaka minne chuoni," akaanza kabla sijafunga vifungo vya koti, "mwaka mwingine chini ya msimamizi, halafu mtihani wa leseni. Yote hayo ya nini? Daktari anaandika, wewe unatoa. Hata muuza nyanya anatoa."

"Muuza nyanya akikosea, mchuzi unaharibika. Mimi nikikosea, watu wanachimba kaburi."

"Na mshahara je?"

"Ile nyumba unayolala, baba, niliijenga kwa kitu gani? Kwa maombi?"

Akakohoa. Baba yangu akiishiwa hoja hukohoa.

Akaingia mama mmoja na cheti cha mumewe cha dawa ya presha. Dawa ilikuwa sahihi, kipimo sahihi. Lakini mimi dawa haivuki kaunta yangu bila swali moja, na kwa swali hilo wenzangu wamenibandika jina la Bi Mnamezaje.

"Vidonge hivi, nyumbani anavimezaje?"

"Namtwangia, dada. Vikubwa, vinamkwama kooni. Nakoroga kwenye uji, anakunywa bila shida."

"Na hali yake?"

"Kizunguzungu tu. Juzi kaanguka bafuni. Tukasema ni uzee."

Nikamwonyesha kidonge. Hiki kimetengenezwa kiachie dawa taratibu, siku nzima. Ukikitwanga, dawa yote ya siku inamwingia kwa mkupuo mmoja, na presha inashuka ghafla. Mama akashika kichwa.

"Kumbe ni mimi ninayemwangusha! Basi nibadilishie."

Kubadilisha alichoandika daktari sina ruhusa. Kuzuia kidonge kisitoke ninayo, nami nikakizuia. Nikampigia daktari papo hapo, tukashauriana kama tulivyozoea, akaandika vidonge vidogo vya aina nyingine na kusema mgonjwa apelekwe leo leo akapimwe. Yule mama aliondoka akinishukuru mpaka mlangoni.

Nikamgeukia baba nikiwa nimejiandaa kwa raundi ya pili. Nilikuwa na maneno matamu kweli, nimeyanoa. Lakini mzee aliniwahi.

"Zile dawa zangu za presha," akasema, "zile ndefu nyeupe ninazopewa kliniki. Nazo ni za taratibu?"

"Unazimezaje, baba?"

"Simezi. Natafuna."

Nikatoka nyuma ya kaunta. "Na ile siku ulipoanguka shambani, mwezi uliopita?"

"Nilidhani ni jua."

Yale maneno niliyoyanoa yakayeyuka yote. Nikamfunga kipimo mkononi; presha ilikuwa chini, chini kuliko nilivyopenda. Nikaipigia kliniki yake, wakasema asiguse kidonge kingine mpaka wamwone, aende sasa hivi. Nikamwita msaidizi wangu ashike kaunta, nikavua koti nimpeleke mwenyewe.

Mlangoni mzee akasimama, akanishika bega.

"Hilo swali lako, la mnamezaje. Chuoni wanalifundisha?"

"Wanalifundisha, baba."

"Mwaka wa ngapi?"

"Wa mwisho."

Akakohoa.

"Basi mwambie mjukuu wangu nitalipa mpaka huo."